Mshale Uliokuwa Ukielekea Malta

Lemon Gaba, Juba,
Sudani Kusini.
Jumamosi, juma la kwanza la mwaka mpya.

Dada yangu mkubwa na mpendwa Dorkasi,

Kwa heshima, na kwa aibu kidogo, ninakusalimu mimi mdogo wako Jeremia. Nianze kwa kukuuliza hali ya magoti yako, ambayo katika barua yako ya mwisho ulisema yamezikataa ngazi za kanisa. Je, yamepata nafuu? Je, mvua za vuli zilifika huko mlimani kwa wakati wake, na mahindi ya shamba la bondeni yamebeba? Na yule ng'ombe wa madoa, alizaa salama? Uniwie radhi kwa kuuliza mengi kwa mkupuo mmoja. Ni muda mrefu sijapata neno kutoka kwako, na maswali yamerundikana.

Mimi ni mzima. Nalitaja hili mapema ili usiisome barua nzima ukiwa umeshika kifua. Sina jeraha, sina homa, ninakula mara mbili kwa siku, na usingizi huja ingawa hukatika. Najua redio imekuambia mambo ya kutisha kuhusu Juba, na mengi katika mambo hayo ni kweli. Hata hivyo, sikuandikii hasa kwa ajili ya vita. Ninakuandikia kwa sababu nimekukosea wewe pamoja na kina mama wa kanisa, na kosa lenyewe nimelielewa majuzi tu, tena nusu nusu.

Kuhusu ule mparachichi ulio juu ya kaburi la marehemu Priska, ambao uliomba ruhusa ya kuupunguza matawi nami nikakukatalia kwa maneno yasiyomfaa mdogo mtu kumwandikia dada yake, naomba unistahimili. Nitaurudia kabla sijaweka kalamu chini.

Unakumbuka jinsi tulivyomzika Priska. Siku tisa tulimtafuta mwanangu Rehema bila kumpata, na watu wa meli ya watalii anakofanya kazi hawakuwa na jibu ila kwamba meli iko baharini. Wewe ndiye uliyesema kwamba marehemu hawezi kungojeshwa zaidi, nami nilikubali, na sikulaumu hata leo. Rehema alipopata habari, mama yake alikuwa amekwisha kulala udongoni siku nne. Hakulia katika simu. Alisema tu, "Baba, hamkujua niko wapi." Nikamjibu, "Hatukujua, mwanangu." Basi, maneno yetu yakaishia hapo.

Naamini ni kwa sababu ya maneno hayo mawili ndipo aliponiletea kile kifaa. Mimi nilikuwa nimekwisha kuja huku, mwaka ule nchi hii ilipopandisha bendera mpya, maana nyumba ilikuwa imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, nami nikapata kazi ya kutunza funguo za ghala katika ile hoteli ya vyumba vya mabati pale mtaa wa Thongpiny. Kifaa kililetwa kwa mkono na mwenzake wa kazini aliyekuwa akirudi likizo Nairobi, kisha kikapanda basi hadi kwangu. Ni cha manjano, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia kilichotumika nusu, chenye kioo kidogo na vitufe vitano. Watu hukiita jipiesi. Pamoja nacho kulikuwa na karatasi ya mwandiko wa Rehema: Jumapili Barselona, Jumatatu Marsei, Jumanne Genova, Jumatano Napoli, Alhamisi Palermo, Ijumaa Malta, na Jumamosi baharini. Majina hayo yote alikuwa ameyaweka ndani ya kifaa. Mtu huchagua jina, hubonyeza, hungoja, na baada ya muda mshale huonekana kiooni pamoja na idadi ya kilomita.

Siku aliyonipigia kunieleza matumizi yake, sauti ilikuwa ikienda na kurudi. Nililisikia vizuri jambo moja tu: "Kwa hiki, Baba, utanifuata popote niendapo." Nikalishika hilo. Wewe unajua nilivyofunzwa na wamisheni: mwalimu akisema, mwanafunzi hushika.

Kwa hiyo kila siku saa kumi alasiri, baada ya kufunga ghala, nilitoka uani penye anga wazi, nikavaa miwani, nikachagua bandari ya siku hiyo. Ijumaa nilichagua Malta. Mshale ulizunguka kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia, kisha ukatulia upande wa kaskazini-magharibi, juu ya paa la jiko, na chini yake zikaandikwa kilomita elfu tatu mia nane na kitu. Nami nilisema kimoyomoyo, yupo. Amefika. Anakanda mikate ya jioni ya watalii. Nilikuwa nikiupungia mshale mkono, Dada. Wapishi walinicheka, lakini kwa upendo.

Ndipo nikawa nakuandikia: Rehema leo yuko Napoli, Rehema amefika Genova salama. Nawe ukawa unayasema hayo kanisani, na kina mama wakaamua kumwombea kila Ijumaa kwa sababu ya Malta, kwa kuwa ndicho kisiwa alikovunjikiwa na merikebu Mtume Paulo. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi mno. Nilifurahi hata nikafanya jambo ambalo leo linaniuma kuliko yote. Rehema aliponipigia mwishoni mwa Oktoba, nilimwambia, "Usijigharimu kupiga simu kutoka baharini, mwanangu. Mimi nakuona kila siku." Akasema, "Kweli, Baba?" Nikasema, "Kila siku saa kumi." Hakupiga tena, nami nikaona ni utii.

Sasa nije kwenye mwezi uliopita.

Vita vilipoanza hapa mjini vilianza bila kuaga. Tuliokuwa Thongpiny tulilala chini sakafuni siku mbili, magodoro yakiwa yameegemezwa madirishani. Sijui ni nani aliyeanza, wala sijui ni kwa nini. Nimeelezwa na watu wanne, na maelezo yao hayafanani. Siku ya tatu kulipotulia kidogo, mwenye hoteli alikuwa amekwisha kuruka kwenda kwao. Mimi nilifunga ghala, nikaweka funguo shingoni, nikatoka na Biblia, shati moja na kifaa. Simu niliisahau katika chaji. Nilipotuma mtu kuiangalia, haikuwapo.

Aliyenichukua ni Mama Nakato, mama wa Kiganda anayeuza maharage na chapati pale soko la Custom, ambaye nilikuwa mteja wake wa kila siku. Amepanga vyumba viwili huku Lemon Gaba, nje kidogo ya mji. Alinikuta kando ya barabara nimesimama tu.

"Mzee, wewe nangoja nani hapa?" akaniuliza.

"Sijui, mama. Nilikuwa nafikiri."

"Fikiri iko na siku yake. Leo iko siku ya kupanda boda. Panda!"

Nikapanda. Watu watatu na sufuria moja juu ya pikipiki moja. Naomba usimsimulie mchungaji.

Ijumaa hiyo, saa kumi, nikatoka nyuma ya chumba cha Mama Nakato kutazama Malta. Dada, namba haikuwa ile ya Ijumaa iliyotangulia. Ilikuwa imeongezeka kilomita sita. Nikakizima kifaa, nikakiwasha upya. Sita zile zile. Meli inayopaswa kufungwa gatini, imewezaje kuwa kilomita sita mbali na gati? Nikawaza nanga imekatika. Nikawaza dhoruba. Nikamkumbuka Mtume Paulo, na kina mama wakiwa wamepiga magoti saa hiyo hiyo huko nyumbani.

Nikamwendea Mama Nakato, aliyekuwa akichambua maharage, nikamweleza. Alikitazama kifaa, akanitazama mimi.

"Labda bahari imevuta," akasema.

"Bahari huvuta meli kubwa kiasi hicho?"

"Mimi najua bahari? Kwetu iko ziwa." Kisha akaona uso wangu, akaacha mzaha. "Mzee, hapa iko miti na mabati mingi. Labda kitu haioni juu vizuri. Enda pale wazi. Lakini rudi haraka, unasikia?"

Ushauri wake ulikuwa mwema. Kosa ni langu, kwa kuwa pale pawazi pa karibu palikuwa barabarani, hatua chache kutoka kizuizi cha askari. Mimi sikuwaona. Nilikuwa nimekiinua kifaa juu kwa mikono miwili, kama mchungaji anayebariki, nikizunguka polepole.

"Taali hini! Njoo hapa, wewe mzee, taali!"

Walikuwa wawili. Mmoja mtu mzima, ameketi juu ya dumu la maji, bunduki mapajani. Mwingine kijana wa miaka kama thelathini, mrefu sana, ndiye aliyenijia. Kiswahili chake kilikuwa cha Nakuru kabisa, kwani, kama alivyoniambia baadaye, alilelewa huko akiwa mkimbizi na kurudi kwao bendera ilipopandishwa.

"Buda, weka hiyo kitu chini. Polepole. Mikono niione."

Nikakiweka chini. Nikamwomba radhi. Nikamwomba radhi mara ya pili, kwa kuwa sikujua ombi la kwanza lilikuwa la kosa gani.

"Unajua uko na nini hapo? Watu wanapigwa risasi juu ya hii. Unapimia nani kambi yetu?"

"Simpimii mtu, bwana mkubwa. Kinanionyesha binti yangu."

"Binti yako ako wapi?"

"Yuko Malta. Au kilomita sita kutoka Malta, na ndilo lililonileta barabarani."

Yule wa kwenye dumu akauliza, "Malta iko wapi? Upande ya Yei?"

"Ni ng'ambo," kijana akamjibu bila kugeuka. "Kwa kawaja, wazungu." Kisha akachuchumaa, akakiokota kifaa, akakitazama kwa muda mrefu. Jina lake aliniambia ni Majok. Alitarajia, nadhani, kuona picha za kambi, akaona majina ya bandari sita na mshale. Sauti yake ilipobadilika sikuielewa kwa haraka.

"Umesema hii inaonyesha mtu?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Nionyeshe mama yangu. Ako Bor. Simu yake haiingii tangu hii kitu ianze."

Dada, ningemwambia nini? Kwa imani yangu ya wakati ule, jambo hilo liliwezekana. Nikamwonyesha kitufe cha kutafutia miji, maana kifaa kilikuja na majina ya miji mikubwa ndani yake. Yeye ana vidole vyepesi kuliko vyangu. Akaipata Bor. Mshale ukazunguka, ukatulia upande wa kaskazini moja kwa moja, ukionyesha kilomita mia na hamsini hivi. Akasimama, akageuza mwili mzima kuufuata, akabaki amesimama hivyo, uso kaskazini, kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Ako hapo," akasema.

"Yupo," nikasema. Ndiyo, nilisema. Nilitamka neno hilo kwa mdomo wangu, kwa utulivu ule ule niliokuandikia nao kuhusu Napoli.

Yule mtu mzima akatema mate kando. "Bor gani? Bor kalas, imeisha. Watu yote imevuka mto. Ndugu yangu napiga simu jana, yeye iko upande ya pili, chini ya miti, na mtoto. Kwa mji hakuna mama, hakuna mtoto, hata kuku hakuna."

Majok akamwonyesha kioo. "Lakini hii inasema ako huko."

"Hiyo nasema mji iko huko," akasema yule mwingine. "Mji haitembei."

Majok akautazama mshale, ambao haukutikisika hata kidogo, kisha akanitazama mimi.

"Mzee, umenidanganya?"

"Sijui," nikamjibu. Ndilo jibu la kweli nililokuwa nalo. "Nilifikiri kinamjua mtu. Naomba unisamehe. Nilifikiri kinamjua."

Hakunipiga, wala hakunitukana. Alirudisha jina la Malta kiooni, akatembea na kifaa hatua ishirini upande huu, akarudi, akanionyesha jinsi namba za mwisho zilivyokuwa zikipungua na kuongezeka chini ya miguu yake. "Hizo sita zako," akasema, "ulitoka wapi kuja hapa?"

"Thongpiny."

"Basi ni wewe umesonga, buda. Si yeye. Hii kitu haijui meli. Haijui msichana. Inajua wewe mwenyewe uko wapi, na inajua Malta iko wapi. Imemalizia hapo."

Nilimwelewa, Dada, na sikumwelewa. Nilielewa hesabu yake. Lakini moyo uliendelea kuuliza: basi ni nani niliyekuwa nikimpungia mkono saa kumi?

"Mliongea lini na yeye?" akaniuliza.

Nikahesabu kwa vidole. "Ni wiki saba."

"Wiki saba! Na ulikuwa umetulia?"

"Nilikuwa nikimwona," nikasema, kisha nikalisikia neno langu mwenyewe likianguka.

Majok alitoa simu yake. Namba ya Rehema ninayo ndani ya jalada la Biblia. Haikuingia. Akaandika ujumbe, mimi nikimtajia maneno, naye akayafupisha. Akanirudishia kifaa kikiwa kimezimwa, akaniagiza nisikiinue tena mahali pa wazi mpaka amani irudi, maana askari wa kizuizi kinachofuata huenda hawakulelewa Nakuru. Nikarudi kwa Mama Nakato, aliyekuwa amekwisha kutoka kunitafuta na mwiko mkononi. Maneno aliyonipa njiani sitayaandika hapa. Niliyastahili.

Siku nane zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko siku tisa za Priska. Wakati ule sikujua Rehema yuko wapi, na nilijua kwamba sijui. Safari hii nilikuwa sijui kwa muda mrefu huku nikidhani najua, na sikuweza kupambanua ni siku ipi kati ya hizo alikuwa salama. Kila nilipofunga macho kuomba, nilikwama: niombe nikiuelekea upande gani? Najua Mungu hahitaji upande. Lakini mimi nilikuwa nimeuzoea mshale.

Siku ya tisa, alasiri, pikipiki ikasimama mlangoni. Mama Nakato akaingia mbio akisema askari amekuja. Alikuwa Majok, anahema, simu ameinyoosha mbele kama kitu cha moto.

"Buda, ongea! Ongea haraka, betri inakufa!"

Nikaiweka sikioni. Nikasikia upepo, na sauti ya mwanangu.

"Baba! Baba, uko wapi?"

"Nipo," nikasema. "Nipo, Rehema. Wewe uko Malta?"

"Malta? Baba, nilitoka huko tangu mwezi wa kumi na moja! Wakati wa baridi meli huhamia Karibi, upande wa Amerika. Nilikutumia orodha mpya kwa barua, na bandari zote, na namba za kuweka. Haikufika?"

Haikufika, Dada. Mwana wa ndugu yako alikuwa amevuka bahari nzima, bahari kubwa kuliko zote tulizochora shuleni, wakati mimi nikipunga mkono juu ya paa la jiko. Alikuwa akipiga simu tangu vita vilipoanza, na simu yangu iko mfukoni mwa mtu nisiyemjua. Kabla ya hapo hakupiga kwa sababu nilimwambia nakuona. Aliniamini. Alisema, "Nilifikiri unajua, Baba. Kila saa kumi ya huko nilikuwa nikitoka nje kidogo kama nina nafasi, ili unione nikiwa nje."

Akauliza tena: "Sasa wewe uko wapi? Juba wapi? Watu wa meli wanasema Juba inawaka. Uko wapi hasa?"

Nikaanza kumweleza: Lemon Gaba, kwa Mama Nakato, baada ya kisima, mlango wa kijani. Nikaona haisaidii. Mtu aliye Karibi atafanya nini na mlango wa kijani? Majok alikuwa akinitazama. Akaonyesha kwa kidevu kifaa kilichokuwa dirishani.

"Msomee," akasema. "Si inajua wewe? Msomee hiyo."

Kuna ukurasa mmoja wa kioo ambao sikuwa nimeutazama hata mara moja tangu kifaa kifike, ule unaoonyesha mahali alipo mwenye kukishika. Niliuona hauna maana, maana nilijua nilipo. Majok akakichukua, akakiwasha mlangoni penye anga, akaufungua. Mama Nakato akashika mwavuli mbele ya mlango ili barabarani wasione. Nami nikasoma, kwa sauti ya darasani: nyuzi nne na dakika arobaini na tisa kaskazini, nyuzi thelathini na moja na dakika thelathini na tatu mashariki. Jiografia ya misheni ilinirudia yote.

"Rudia, Baba. Polepole."

Nikarudia. Nikasikia vitufe vikibonyezwa, kwa kuwa naye anacho kama hiki.

"Nimekupata," akasema. "Zaidi ya kilomita elfu kumi. Mshale unaelekea jikoni kwetu hapa melini. Nimekuandika BABA."

Ndipo alipolia, Dada. Kile kilio ambacho hakukilia wakati wa mama yake. Nami sikumnyamazisha. Alipotulia akasema neno moja zaidi, nalo ndilo sababu hasa ya barua hii: "Baba, rudi nyumbani. Ukifika, nisomee na namba za Mama. Sijui mama yangu yuko wapi. Ninajua ni mlimani, lakini sijui ni wapi." Betri ikazimika hapo.

Majok alichukua simu yake, akaifuta kwa shati. "Kumbe inafanya," akasema, "kama mtu mwenyewe ndiye anasema." Kuhusu mama yake bado hana habari. Kikosi chao kinaelekea kaskazini. Jina la mama huyo ni Achol. Nakuomba, Ijumaa ijayo, kina mama waliokuwa wakiombea Malta wamwombee Achol aliyevuka mto, au ambaye hatujui kama alivuka. Waeleze bila kunificha kwamba Malta lilikuwa kosa langu. Mwambie mchungaji kwamba shukrani zile zilizotolewa kanisani kwa ajili ya barua zangu zilikuwa za kweli moyoni mwangu, ila sikuwa na haki ya kuzisababisha. Nitasimama mwenyewe kanisani kuomba radhi nikifika.

Maana ninakuja. Umenisihi mara tatu, nami mara tatu nilikujibu kwamba nina kazi. Ninangoja tu mwakilishi wa mwenye hoteli aje apokee funguo, kwa kuwa nilizipokea mkononi na ni lazima nizitoe mkononi. Baada ya hapo nitapanda basi la Nimule pamoja na Mama Nakato, anayekwenda kwao mpaka hali itengemae, kisha Kampala, Nairobi, na Voi. Barua hii inatangulia kwa mkono wa kaka yake Mama Nakato, dereva wa lori, anayerudi bila mzigo. Katika kila kituo nitaazima simu na kumsomea Rehema namba. Amenikataza kusema jina la mji peke yake.

Jambo moja limenishangaza, na sijamaliza kulishangaa. Jana nilitaka kukiuliza kifaa kuna kilomita ngapi hadi kwetu. Ndani yake kuna Barselona, kuna Marsei, kuna Palermo ambayo sitaiona kamwe. Kwetu hakumo. Mji wetu ni mdogo, hawakuuweka, nami katika siku zote zile sikufikiri kuuweka.

Nisalimie wote wa nyumbani. Msalimie mwanao Shedraki, na mkewe ambaye najua ndiye anayekubebea maji. Msalimie shemeji yangu Mikaeli, kaka wa marehemu, umwambie kofia yake bado ninayo. Wasalimie kina mama wa Ijumaa, mmoja mmoja, na mpiga kengele wa kanisa mzee Zefania kama bado ana nguvu za kuvuta kamba. Mama Nakato anakusalimu ingawa hamjuani. Amesema nikuambie kwamba mdogo wako ni mtu mzuri lakini asiachwe peke yake barabarani.

Na sasa mparachichi. Nilikukatalia kwa sababu Priska aliupanda kwa mkono wake, na niliona kuukata ni kumwondolea kivuli. Nilikosea kukujibu vile, na nakuomba msamaha. Kifaa hiki hakioni chochote chini ya majani. Sharti kiione mbingu. Tafadhali mwambie Shedraki apande na panga, ayaondoe matawi yote yaliyo juu ya kaburi, yale ya upande wa kichwani kwanza, mpaka mtu akisimama pale aone anga tupu. Matawi ya upande wa nyumba ayaache.

Ndimi mdogo wako mtiifu, ambaye umemvumilia miaka mingi,

Jeremia